Mama, Nyumba ya Kizwite Imepata Watu

Mama,

Nyumba imeuzwa. Nalitanguliza hilo kwa sababu hukupenda mtu azunguke na habari. Funguo nimezikabidhi leo asubuhi, na sasa nakuandikia nikiwa Mazwi, hapahapa Sumbawanga, katika chumba nilichopanga nyuma ya kibanda changu cha cherehani. Sijapanga vitu bado. Nimekalia ndoo iliyofunikwa, na karatasi nimeiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa.

Ngoja nikusimulie tangu pale ulipotuacha.

Watu walikaa matanga, wakaimba, wakapika, wakaondoka. Mdogo wako, Mama mdogo Leokadia, alibaki na mimi mpaka shamba lake lilipomwita, naye akashuka kwake Muze, bondeni. Nikabaki mimi na vyumba vinne. Mwanzoni nilivifagia vyote kila asubuhi, kama ulivyonizoesha. Baadaye nikawa nafagia kimoja. Halafu nikaburuta godoro langu sebuleni, kwa sababu kule chumbani nilikuwa nasikia upepo ukigongagonga mlango wako, na kila ukigonga naitika. "Abee, Mama." Nikishaitika ndipo nakumbuka.

Nilikuwa nasonga ugali wa ulezi wa mtu mmoja na bado unabaki. Nilijaribu kupunguza maji, nikajaribu kupunguza unga, sikuweza. Mkono wangu umezoea kupika wa watu wawili. Kuna siku nilifunga kibanda, nikarudi nyumbani, nikakaa, nikagundua kwamba siku nzima sijasema na mtu ila kumwambia mteja ageuke nimpime mgongo.

Ndipo nikayakumbuka maneno yako. Nilikuwa nakupaka mafuta miguuni, ukasema, "Yustina, nikiondoka usikae humu peke yako. Nyumba kubwa humla mtu mmoja. Uza, utafute penye watu." Mimi nikakuambia utapona, tena tutapanda maharage pamoja. Ulininyooshea tu mguu wa pili.

Nikamwita dalali. Unamkumbuka Kalisto, yule aliyekuwa akiuza vipuri vya baiskeli pale sokoni? Siku hizi anauza viwanja na nyumba. Alikuja amevaa koti la suti juu ya sweta, akapita chumba kwa chumba, mikono nyuma, kama daktari wa wodini. Aliinusa stoo. Akavuta mapazia yale mazito ya sebuleni, akayaachia. Akatazama picha zetu ukutani, za ubatizo wangu, za harusi yenu, na ile ya marehemu baba akiwa na baiskeli mpya. Kisha akanieleza kwa upole, maana alikuwa anakuheshimu.

"Dada, mteja hanunui nyumba ya marehemu. Anataka akiingia aone nyumba yake mwenyewe."

Basi picha zitoke. Vitambaa ulivyofuma vya kufunika makochi vitoke. Kabati la vyombo litoke, sebule ionekane pana. Kuta zisuguliwe zipakwe rangi, vitasa vibovu vibadilishwe, kila chumba kiwe na balbu inayowaka. Harufu ya samaki iondoke kabisa. Na mtu akiniuliza, niseme ulifia hospitali.

Nilianza na stoo, nikidhani ndiyo rahisi, kwa kuwa hakuna picha mle. Mama, wewe umeuza samaki wakavu tangu nikiwa mtoto wa mgongoni. Kila gunia lililopanda kutoka Muze lililala mle kabla ya kwenda sokoni. Harufu ilikuwa imeingia kwenye saruji. Nikasugua kwa sabuni ya unga, nikasugua kwa majivu, nikakamua ndimu kwenye maji ya moto. Nikaweka mabeseni ya mkaa pembeni, nikaacha dirisha wazi, baridi ya Juni ikawa inapita nyumba nzima. Shuleni walikuwa wananiita mtoto wa samaki, nawe ulikuwa unaniambia hao samaki ndio sare niliyovaa. Asubuhi moja nikafungua mlango, nikavuta pumzi. Hapakuwa na kitu. Saruji mbichi tu, kama nyumba ambayo haijawahi kukaliwa. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri, na sikuwa na wa kumwonyesha. Nikakaa kizingitini nikalia, kilio ambacho sikukilia hata makaburini.

Picha nazo nilizishusha. Zikaacha miraba myeupe ukutani, kila mmoja nikawa najua ni wa nani. Fundi rangi alipokuja akaanza na hiyo hiyo, akipiga mluzi. Sikumchukia. Ni kazi yake. Nilimwomba kitu kimoja tu, korido aniachie mimi.

Unajua kwa nini. Miezi ile ya mwisho ulikuwa unakwenda chooni ukishika ukuta. Hukutaka nikushike, ulitaka ukuta. Na kwa kuwa nilikuwa nakupaka mafuta asubuhi na jioni, kiganja chako kilichora ukanda mweusi, kutoka mlango wa chumba chako hadi mlango wa uani, usawa wa kiuno changu. Pale penye swichi ulikuwa unapumzika, na pale ndipo pamekolea zaidi. Nilipita hapo kila siku na msasa mkononi, nikipita narudi nao vilevile.

Mama mdogo akatokea siku hiyohiyo fundi alipomaliza sebule. Habari alizipata kule bondeni kwa akina mama wa samaki kabla sijamweleza mimi, na hilo lilikuwa kosa langu la kuchelewa. Alipanda na gari la asubuhi, ana kikapu cha samaki, amejifunga vitenge viwili kwa baridi. Nikamwamkia, "Shikamoo Mama mdogo." Akachelewa kuitika. Akaweka kikapu nje, akaingia. Akapita sebuleni, akapita chumbani kwako, akafungua stoo.

"Umemfukuza dada yangu," akasema. "Hata harufu yake umeifukuza."

Nikamweleza ulivyosema. Akaniuliza kwa nini hukumwambia yeye. Nikamjibu sijui, na kweli sijui. Nikamwambia jinsi ninavyolala sebuleni. Nikamwambia kuhusu ugali. Akanisikiliza akiwa amenipa mgongo, na alipogeuka uso wake haukuwa wa hasira tena.

"Na mimi nikipanda Sumbawanga nikiwa mgonjwa, nitafikia wapi?"

Mama, hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimejihesabu mimi peke yangu kuwa niliyebaki. Kumbe na yeye alikuwa amebaki. Wazazi wenu hawapo, wewe hupo, na huku juu alikuwa na mlango mmoja tu wa kuingia bila kubisha hodi mara mbili.

"Utafikia kwangu," nikamwambia.

"Kwako wapi?"

Sikuwa na pa kumwonyesha. Chumba hiki nilikuwa sijakipata. Nikarudia tu kwamba atafikia kwangu, popote nitakapokuwa. Akaelekea chooni, nikamsikia amesimama katikati ya korido. Nilipomfuata nikamkuta ameweka kiganja chake kwenye ule ukanda, pale penye swichi. Alikuwa anaongea Kifipa, taratibu, mambo yenu wawili. Nikarudi jikoni nikamwacha.

Baadaye akanijia anaomba brashi. Alisema mahali pale asipake mgeni. Tukasugua kwa msasa, yeye chini mimi juu, vumbi likatuingia kwenye nywele. Tukapaka. Kufika jioni ukanda ukarudi, umejichora juu ya rangi mpya kama haijapakwa. Mafuta yalikuwa yamezama, na rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. Mama mdogo akashika kiuno akautazama.

"Huyo ni dada," akasema. "Hajawahi kukubali neno la kwanza."

Tukacheka. Mama, tulicheka mpaka tukakaa chini. Ndicho kicheko cha kwanza kilichosikika mle tangu ulipolala. Kesho yake Kalisto akatuelekeza tuoshe ukuta kwa sabuni, tutangulize rangi ya mafuta, ndipo tupake nyingine. Ukakubali. Korido ikawa nyeupe mwanzo mpaka mwisho. Samaki wa kwenye kikapu hatukuwaingiza ndani, tuliwachoma uani, tukala tumesimama tukitetemeka, kwa kuwa ndani hapakuruhusiwa kunuka. Alipoondoka kurudi Muze hakusema amekubali niuze. Alisema tu nisimtie aibu mbele ya wageni, nifagie vizuri.

Wageni wakaja. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara mwenye futi ya kupimia. Hakutazama rangi wala vitasa. Alitaka kujua ukuta upi unaweza kuvunjwa, sebule iwe duka. Akaahidi kupiga simu. Hakupiga.

Wa pili walikuwa mtu na mkewe. Kila kitu kiliwapendeza mpaka chumbani kwako. Yule mama akasimama katikati, akaniuliza marehemu alifia wapi. Kalisto alikuwa nyuma yao, akanikazia macho. Nilikuwa nimelishika lile jibu lake, nimelirudia hata njiani. Halikutoka.

"Alifia humu," nikasema. "Nilikuwa nimemshika."

Walikwenda moja kwa moja kwenye gari. Kalisto hakunigombeza, ila alivua koti lake, akalikung'uta, akalivaa tena, kisha akaniuliza kama kweli nataka kuuza. Nilirudi ndani nikakaa katika ile sebule safi, isiyo na picha, isiyo yangu wala ya mtu mwingine. Sijawahi kuwa mpweke kama alasiri ile. Nilikuwa nimekutoa, na hakuna aliyekuja kuchukua nafasi.

Wiki zikapita hivyo. Nikawa naishi kama mgeni, sahani moja naosha nafuta naificha, godoro nalirudisha kitandani na kulitandika mara tu ninapoamka, asije mtu ghafla akakuta dalili kwamba ninaishi.

Halafu akaja mwalimu mmoja, mama wa makamo, anaitwa Gaudensia. Alikuja na mumewe, watoto, na mama mkwe wake mzee sana. Safari hii sikungoja kuulizwa. Mlangoni kabisa niliwaambia mama yangu amefia humu ndani, katika chumba cha kushoto, wakiona haiwafai wasijisumbue kuvua viatu. Kalisto akatazama angani. Mwalimu akamtazama mama mkwe wake.

Yule bibi akaniuliza, "Alikuwa na mtu?"

"Alikuwa na mimi."

Akavua viatu.

Hakuuliza habari ya kuta. Aliuliza majira ya baridi jua la asubuhi linaingia chumba gani. Mama, hapo nilijua jibu. Nilimwambia jua linaanzia jikoni, linakaa kwenye kona ya dirisha mpaka chai iishe, kisha linahamia chumba cha kushoto na kubaki pale mpaka karibu na mchana. Nilimwambia upepo wa milima ya Mbizi ukianza afunge dirisha la uani, lile la mbele aliache. Nilimwambia mahali mnanaa unapoota bila kupandwa. Nilikuwa nimetumia majuma mengi kuficha kwamba tumeishi humo, na hayo ndiyo yule bibi aliyotaka kusikia. Watoto walikuwa wanakimbia korido, wanapiga kelele wasikie mwangwi. Hakuna aliyewakataza, hata mimi.

Chumba cha kushoto amekichukua yule bibi.

Leo asubuhi nilifagia vyumba vyote vinne, nikatoa funguo, nikatoka. Sikugeuka nyuma, siyo kwa ujasiri, nilikuwa nimebeba ndoo kichwani.

Sasa niko hapa. Sitakudanganya kwamba upweke umekwisha, nimehama nao. Lakini ukuta wangu ni mwembamba, na jirani yangu Mama Oresta ana mtoto mchanga anayelia sana, na bodaboda zinapita nje mpaka jioni. Nimenunua magodoro mawili. La pili ni la mdogo wako. Nimempigia simu kumwelekeza njia, akanifanya niirudie, akasema atapanda baada ya kuvuna.

Mama Oresta amenikaribisha kula kwao kesho baada ya misa. Alishanikaribisha kabla, nilipokuwa nashinda tu kibandani, nikasingizia kazi. Hii ndiyo ahadi ninayokupa, Mama, na ni ndogo, ili niweze kuitimiza: kesho nitakwenda. Nitakula na watu. Wakiniuliza habari zako nitawaeleza.

Lala vizuri. Na ukinijia ndotoni, usipitie Kizwite, utawashtua wenyewe. Niko Mazwi, mlango wa nyuma ya kibanda. Sifungi kwa komeo.

Mwanao,
Yustina