Liki za Barrie

Dada Norma,

Huku mvua haijakoma, goti langu linanisumbua, na liki, zile mboga kama vitunguu virefu ambazo Barrie anazilima kwa ajili ya mashindano, zimenenepa kama mapaja ya mtoto mchanga.

Afisa wa halmashauri alikuja. Ati msaada wa kodi ya nyumba wanaonipa ulizidi, kwa kuwa sikuwaambia kwamba mwanangu amerudi kwangu tangu mkewe amfukuze. Sasa watanikata pesa kila wiki kufidia deni hilo. Barrie mwenyewe alikuwa amejificha bandani, jitu zima hilo!

Afisa akachungulia bustani. “Mama, nani anazitunza hizi? Kama ni mgeni tu anayekuja na kuondoka, sema, deni lifutwe.”

Nilifungua mdomo niseme mgeni. Badala yake nikageukia banda.

“Barrie!” nikaita. “Hebu toka huko! Huyu ni mwanangu, na anaishi hapa. Kateni mpaka mchoke, lakini mwanangu hafukuzwi mara mbili.”

Jumamosi liki zake zilishika nafasi ya kwanza. Kadi ya ushindi nimeibandika dirishani ielekee barabarani: juu jina lake, chini anwani yangu.

Mdogo wako, mkaidi vilevile,
Edna