Maadamu Injini Iko Wazi

Mpendwa Bi Lavonne,

Naomba msaada wa safu yako ya ushauri, na naomba usinicheke mpaka ufike chini, maana mke wangu Twyla ameshanicheka vya kutosha. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, nina kazi, naenda kanisani, na gerejini kwangu kuna injini iliyofunguliwa tangu Pasaka. Injini ni ya Chevrolet ya mwaka 1966 ya baba yangu, Mzee Emmett, ambaye alilinunua gari hilo likiwa jipya kwa mishahara ya kiwanda cha kuyeyushia chuma, na kiwanda nacho kikamlipa ziada kwa kumjaza vumbi mapafuni. Sasa ana miaka themanini na moja, anakohoa tangu asubuhi, na daktari amesema baridi nyingine ya hapa Ohio asiione. Dada yangu Nadine amemwandalia chumba kwake Arizona, kilichobaki ni kuchagua siku ya ndege tu, lakini mzee amekataa katakata. Alisema mbele yetu sote, "Siondoki hapa mpaka nipande gari langu likiwa linatembea." Nami nikamwambia baba, hilo ni jambo dogo.

Na lilikuwa dogo kweli. Gari lilikuwa linakula oili na kutoa moshi wa bluu, kwa hiyo mpango ulikuwa nishushe injini, nibadilishe ringi, beringi na gasketi, niirudishe, nikatenga dola elfu mbili na mia tano na Twyla akakubali, na mambo yangeishia hapo kama nisingekwenda kwenye gulio la spea, ambako nilikuta pistoni mpya ndani ya boksi lake kwa nusu ya bei, nikanunua, nani asingenunua, halafu rafiki yangu Royce akasema maadamu injini iko wazi ningekuwa mjinga kurudishia kamshafti ya kizee, ule mhimili unaofungua valvu, nikaagiza kamshafti ya mbio, ambayo Royce akasema haina maana bila silinda hedi, vile vichwa vya juu ya silinda, za aluminiamu, ambazo nazo hazipumui sawasawa kwa kabureta ya zamani, basi nikanunua kabureta inayolitosha lori, na hapo ndipo nilipoona ni wakati wa kupeleka bloku, kiwiliwili chenyewe cha injini, kwa fundi Pohlman, anayechonga silinda, ambaye alipima, akavua miwani, akaniambia silinda zimelika, lazima zichongwe ziwe pana zaidi, na zikishachongwa pistoni zangu zitacheza humo kama maharage ndani ya debe. Nilirudi na bloku nyumbani. Nilimwambia nitafikiri. Bado nafikiri.

Twyla hasemi nami vizuri tangu nioshe vifuniko vya valvu kwenye mashine yake ya kuoshea vyombo, na ninajitetea kwamba niliviosha peke yavyo bila sahani, lakini Jumapili ile mchungaji alikula kwetu viazi vya jibini vilivyonukia gereji, akasema ni vitamu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Nadine naye hupiga simu akinifokea mimi, kisha anamfokea Twyla kwa kukaa na mimi.

Baba peke yake ndiye halalamiki. Kila siku akishamaliza kahawa anakuja gerejini na kiti chake cha kukunja, ananishikia tochi, ananipangia bolti kwa ukubwa, ananihadithia watu waliokufa zamani, anakohoa, anaendelea. Na juma lililopita, Mungu ni shahidi yangu, yeye mwenyewe ndiye aliyefunua katalogi akaniambia, "Mwanangu, maadamu injini iko wazi, si tubadilishe na gia boksi?" Nimeshaiagiza.

Sasa nimetumia elfu nne na mia tatu, gari halina injini, injini haina pistoni, majani ya miti yameanza kuwa mekundu, na Nadine ameniambia kwamba mzee akikutwa na theluji hapa nitakuwa nimemuua kwa silinda hedi. Swali langu ni hili: niongeze fedha kidogo nimalizie injini yenye nguvu za farasi mia nne kama nilivyokusudia, au niuze zile hedi nitafute za bei nafuu? Twyla anasema hilo siyo swali.

Ni mimi,
Niliyekwama Gerejini, Lima, Ohio

*

Ndugu Uliyekwama,

Pole sana. Nimesoma mpaka chini kama ulivyoomba, kisha nikacheka.

Hongera kwanza. Ulianza na injini mbovu inayotembea, na kwa dola elfu nne na mia tatu tu umejipatia injini ya fahari isiyotembea. Usidhani unaongea na mgeni. Nimeolewa mara mbili, na waume wote wawili walikuja na injini zao. Wa kwanza hakuimaliza. Wa pili aliimaliza, akaiuza juma lile lile, akanunua nyingine mbovu, akisema mikono inamwasha.

Unauliza nani asingenunua zile pistoni. Mimi. Kununua pistoni kabla bloku haijapimwa ni kumnunulia viatu mtoto aliye bado tumboni kwa sababu duka limepunguza bei. Viatu vinang'aa kweli, lakini mguu uko wapi? Na huyo Royce, ambaye naona ni mkarimu sana wa fedha zako, alikwambia kwamba kamshafti kali namna hiyo huipunguzia injini ule mvuto wa hewa unaosaidia breki? Mzee wa watu atafika kwenye taa nyekundu na farasi mia nne mbele ya pua yake na breki za kuombea dua. Hebu muulize Royce gari lake mwenyewe linatembea lini. Atakwambia limekaribia. Limekaribia tangu mtoto wake akiwa chekechea, na bila shaka mtoto huyo sasa ameoa.

Nilitaka niishie hapo, nikufungie barua kwa matusi ya heshima. Lakini nilifika kwenye gia boksi, nikarudi mwanzo nikasoma tena.

Mzee aliyeshinda na chuma maisha yake yote, unadhani hajui kwamba gia boksi mpya itawachelewesha? Anajua kuliko wewe. Ameapa haondoki mpaka gari litembee, na tangu Pasaka nyinyi wawili, baba na mwana, mnatafuta kila kitu cha kununua ili gari lisitembee. Kila spea ikichelewa njiani mnapata juma jingine la tochi na hadithi za marehemu. Huo siyo ujinga, ingawa kwa mbali unafanana nao. Mnaogopa kuagana. Na kwa kuwa wanaume wa huku kwetu ni afadhali wang'olewe jino kuliko kusema jambo la namna hiyo, mnanunua aluminiamu. Ni njia ghali mno ya kumwambia mtu asiondoke. Tena itamuua, kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika safu hii namuunga mkono dada wa mwandishi.

Basi sikiliza, na uache kufikiri, maana umefikiri vya kutosha.

Kupanga ni kuchagua, na mwenye kuchagua spea huanza kwa kujiuliza gari linakwenda wapi. Hukujiuliza, nakujibia mimi: linakwenda Arizona. Utaendesha wewe, baba akae kiti cha mbele. Umwone daktari kwanza. Akisema mapafu hayatamudu safari yote hiyo, gari litampeleka mzee mpaka uwanja wa ndege, na hapo pia litakuwa linatembea, atakuwa hana kisingizio, nawe pia.

Injini ya safari hiyo haihitaji mbio. Inahitaji kunywa petroli ya kawaida ya pampu yoyote, isichemke jangwani, na isimamishike. Bloku iende kwa Pohlman ichongwe, na pistoni zinunuliwe kwa saizi atakayokutajia yeye, siyo utakayoiona gulioni. Hedi zako za zamani zisafishwe, valvu zikae vizuri. Kamshafti mpya, ya kawaida, ya aina ile ya kizee uliyoionea haya. Kabureta ya zamani ina tatizo gani zaidi ya uchafu? Pampu ya oili mpya, pampu ya maji mpya, rejeta ipimwe, na kama inavuja usiipake gundi ukajidanganya. Gia boksi piga simu leo wasiitume. Pistoni, kamshafti ya mbio, hedi na ile kabureta ya lori, viuze vyote vikiwa bado vinang'aa. Utapata hasara, labda theluthi moja. Iite karo.

Fedha utakazopata zigawe kabla hujazishika. Ya kuchonga kwanza, kwa sababu ndiyo isiyobishaniwa. Kisha spea za ndani ambazo hutaweza kuzifikia ukishafunga. Sehemu moja ya tano usiiguse kabisa, hiyo ni ya yale ambayo Pohlman bado hajayaona, na yapo, hayakosi kuwapo. Rangi, magurudumu ya kung'aa na kila kinachosikika kwa jirani, sufuri. Ila kabla ya pistoni, narudia, kabla, mnunulie Twyla mashine mpya ya vyombo. Mwanamke amemlisha mchungaji oili na bado hajakufukuza.

Ikiwaka, usikimbilie barabara kuu. Mzungushe mzee hapa hapa mjini, mpeleke kwa daktari, mpeleke akale aiskrimu, maili mia tano za taratibu, umwage oili, ukaze kila kilicholegea. Ndipo mfunge mizigo.

Royce akija, mwambie gereji imefungwa.

Na kesho asubuhi usimwache mzee akae kwenye kiti chake gerejini. Pakia bloku nyuma ya pikapu, mpandishe mbele, mwende kwa Pohlman pamoja. Mkiwa njiani, macho yako yakiwa barabarani ili asikuone uso, mwambie kwa mdomo wako kwamba hutaki aondoke, na kwamba utampeleka. Atakohoa, atatazama dirishani, atasema muda hautoshi na theluji iko karibu. Mwache aseme. Wewe endesha.

Bi Lavonne