Mtoto Aliyelia Katika Kimya cha Mei

Aldersum, 7 Mei

Mdogo wangu Meijer,

Pokea salamu za dada yako, wewe na wifi yangu Rivka. Goti linaendeleaje? Usiniambie halijambo, maana wifi amekwisha kunitobolea siri kwamba ngazi unazipanda kwa makalio. Mimi nipo. Presha inapanda na kushuka itakavyo, na mvua ya huku unaijua.

Bila shaka umesikia kwamba nimeharibu kumbukumbu ya wafu wa vita ya tarehe nne. Binti yako alinipigia simu, akauliza kwa adabu kama nimeanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Ngoja ulisikie jambo hili kwangu.

Mwezi Machi alinijia Douwe Terpstra, mwenyekiti wa kamati ya kumbukumbu. Ni mtu mwema. Kwa miaka mingi amezunguka nami mashuleni ili watoto wajue kwamba Wayahudi wa kijiji hiki walikuwa watu. Alisema watabandika kibao kwenye nyumba ya Shangazi Geeske, shangazi yetu wa kumwita tu, alikotuficha mimi na wewe wakati wa vita. Nilimpa kahawa na biskuti yake moja, nikafunika kopo kama ilivyo desturi ya huku, nikamwomba jina la Betje nalo liandikwe. Akauliza Betje ni nani. Nikamwambia ni kitinda mimba wetu, alikuwa na miezi saba. Akakohoa, akasema kibao ni cha waliookolewa, watoto wa shule wanahitaji kitu cha kuwatia moyo, na huzuni ipo ya kutosha kwenye mnara wa majina ya waliouawa pale kanisani. Kumbe hata huzuni ina kipimo!

Jioni ya tarehe nne tulikusanyika mbele ya nyumba ile. Saa mbili usiku kengele zikanyamaza, na unajua dakika zile mbili za kimya zilivyo huku: magari husimama, hata mbwa hukemewa kwa jicho. Ndipo mtoto mchanga akaanza kulia nyuma yetu. Mama yake, msichana tu, akambembeleza, akampa titi, wapi! Watu wakageuka kumtazama. Akainamisha kichwa, akaanza kuondoka na mwanawe kuelekea darajani.

Meijer, nilipiga kelele. Nilisema, "Rudi hapa, mama! Mwache alie!" Kizee mimi na fimbo yangu. Douwe akanishika mkono, akaninong'oneza, "Bibi Femma, tafadhali, zimebaki sekunde chache tu." Nikamjibu kwa sauti kwamba wafu hawana haraka. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Na huyu ndiye angepaswa kujua maana ya kimya hiki kuliko sisi sote." Jana kamati iliniomba mwaka huu nisiende mashuleni, nipumzike.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Ulikuwa na miaka minne, tukakulea na hadithi kwamba Betje alikufa kwa homa na mama akakamatwa akimtafutia dawa. Betje alikuwa anaota meno, analia usiku, na jirani alikuwa polisi. Shangazi Geeske alipanda darini tulikojificha, huku naye akilia, akasema sisi watatu tunaweza kukaa, mtoto hapana. Mama hakubishana. Alimfunga Betje kwenye shali ya kijani, akakubusu usingizini, akaniambia nikushike mkono, akashuka. Nilisikia mlango ukifunguliwa, kisha ukifungwa. Walikamatwa stesheni asubuhi ile.

Najua binti yako ana jina la Shangazi. Mwachie. Alitulisha, na Wajerumani wangemuua kwa ajili yetu. Nampenda na sijamsamehe, na nitazikwa na yote mawili.

Yule msichana alirudi. Alisimama kando yangu, mwanawe akalia hadi mwisho.

Nisalimie wote nyumbani, na huyo mjukuu mpya mbusu mashavu yote mawili. Ukimwashia mama mshumaa wa kumbukumbu mwaka huu, washa na wa pili. Betje hakuwa na homa, Meijer. Alikuwa na afya njema, na sauti yake ilijaza nyumba.

Ni mimi dada yako,
Femma