Upondo wa Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Barua yako nimeipata, na sikufichi, imenikera. Niliisoma nikiwa kwenye cherehani, nikaishia kushona mkono wa gauni la watu nje ndani. Eti mashua ya baba iuzwe kwa sababu shemeji yako kaipandisha mchangani! Mara moja, kaka, katika miaka sita ya kuikwangua, kuipaka rangi na kuvusha abiria kwa adabu. Wewe mara ya mwisho kuigusa ilikuwa lini? Ukiiuza tutakula nini, vifungo?

Najua mama alikupigia simu kabla nguo zake hazijakauka. Sasa nisikilize na mimi.

Ulisema shemeji yako akiifikisha salama kwa fundi wa mashua, mwisho wa mkondo, na kuirudisha, itabaki mikononi mwake. Basi tukatoka asubuhi, upepo mzuri, tanga limejaa. Mama alikaa katikati na mwavuli wake akitoa amri ambazo hakuna aliyemwomba. Shemeji yako alishika usukani, anaimba. Mimi nilikaa mbele na ule mti mrefu wa upondo, kupima kina, kazi aliyonifundisha baba: unauchomeka mpaka chini, unatazama ule mstari mwekundu aliouchora mwenyewe. Maji yakiufunika, mashua inapita. Usipofunikwa, geuzeni upesi.

Pale mkondo unapobana kati ya vigingi vya kuonyesha njia nikachomeka. Mstari ukafunikwa. Nikapaza sauti kwamba kina kipo, tupite. Hatukwenda mbali, tukakwama kwa kishindo, mama akaenda huku na mwavuli kule.

Tulikaa pale kwa muda wa saa tano, tumelalia ubavu, maji yamekupwa hata kaa wanatupita kwa miguu. Mama hakupumzika. Alisema baba asingemkabidhi mtu huyu hata ndoo. Na mimi, badala ya kumtetea mume wangu, nikamfokea mbele ya mkwewe kwamba hakuvitazama vigingi. Alimgeukia mama tu, akasema, "Nisamehe, mama. Nadhani macho yangu yameanza kuniacha."

Tangu siku hiyo haimbi. Alikwenda kwa daktari wa macho, akaambiwa macho yake ni mazima kabisa. Akatoka hapo moja kwa moja hadi sokoni, akajinunulia miwani. Anaivaa hata wakati wa kula, na kila akiingia ndani anajikwaa kizingitini. Watoto wanacheka. Mimi nilicheka pia, siku ya kwanza.

Juzi nikashusha pazia la chumba cha kushonea nilifue. Fimbo yake ikabaki mkononi mwangu, nikaitazama, nikakaa sakafuni.

Kaka, fimbo ile ni upondo. Mwezi uliopita nilihitaji kitu cha kutundikia pazia, upondo ulikuwa umeegemea ukutani, mrefu kupita paa, nikajisemea hautaona upungufu. Nikakata shubiri tatu kwa msumeno. Nilikata ncha ya chini! Mimi, fundi wa miaka ishirini, ninayewagombeza wanafunzi wangu kila siku wasitie mkasi kabla ya kupima. Mstari wa baba ukashuka shubiri tatu, na mimi nikausoma kama haujaguswa. Aliyeikwamisha mashua ni mimi. Yeye alipita pale pale nilipomwambia apite, kisha akasingizia macho yake ili mama asinigeukie mimi.

Nimelijua hili siku mbili nzima, na nimemwona akijikwaa, nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko barua yako. Leo akirudi nitamwambia, halafu mama, Mungu anisaidie. Lakini nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye mwenye neno la kuuza. Ukiwa na hasira ya kumpokonya mtu kitu, njoo unipokonye msumeno.

Nibusie wifi na watoto. Kipande chenyewe nimekifunga pamoja na barua hii, kipime kwa mkono wako. Dirisha langu halina pazia sasa, na kila apitaye njiani anauliza kwa nini fundi analia.

Ni mimi,
dada yako