Kwa Nini Mama Aliliacha Sinia la Harusi Yako

Mgogoni, Pemba
Jumatano

Kwa dada yangu mpenzi Thuraiya,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kisiwa Panza, pamoja na shemegi Haitham na mkweo Bi Shamima. Sisi hatujambo, baba anakusalimu, nami nimeingia kidato cha tatu. Ningekupigia, lakini tangu harusi yako simu za nyumbani hupokei, na sikulaumu.

Nina habari njema, nayo ni ya mama. Miezi mitano iliyopita kipande cha nyama kilimkwama kifuani hata mate yakawa hayapiti. Baba akamkimbiza hospitali, na baadaye wakavuka hadi Unguja. Huko Daktari Khairat alimpitishia kamera nyembamba kooni, akachukua vijinyama vya kupima.

Daktari akamuuliza kama ana pumu. Mama akajibu anayo, na chafya za kila asubuhi tangu utotoni, lakini yeye kaja kwa koo, si kwa pua. Daktari akacheka, akasema maradhi hayo ni jamaa moja: wenye mizio ya namna hiyo ndio mara nyingi hupata na huu ugonjwa wa umio, hata wakiwa watu wazima. Chembe za mzio hujazana kwenye umio, yaani njia ya chakula, nao ukavimba na kuwa mwembamba. Chakula kinachouchokoza hujulikana kwa kukiacha, kisha kupimwa tena.

Basi mama akaacha maziwa na samli. Baba akaapa kuacha pamoja naye, ila nilimfuma jikoni akiramba kijiko cha mtindi. Akaniambia huo si maziwa, ni dawa yake. Wiki iliyopita mama alipimwa tena, na umio umepoa! Jana alimaliza sahani nzima ya wali na nyama bila kusukumia maji. Tulimkodolea macho mpaka akatuuliza kama tunatazama sinema.

Sasa dada, nina la kukiri. Siku ya harusi yako, mama alipoinuka kwenye sinia alilotengewa, Bi Shamima alisema kwa sauti kwamba koo la watu wa Mgogoni ni la dhahabu, chakula cha wavuvi hakipiti. Nawe ukaamini mama anamkataa Haitham. Mimi nilimfuata uani. Nilimkuta ameshika ukuta, machozi yanamtoka, tonge limemkwama. Akaniapisha nisiseme, kwani watu wangedai wakwe wamemtilia kitu, na ndoa yako ingevunjika siku ile ile. Aliona bora aitwe mwenye kiburi.

Nimenyamaza miaka miwili, na leo nimekivunja kiapo. Ustadhi wetu alinieleza kuwa mvunja kiapo asiyeweza kulisha maskini kumi hufunga siku tatu. Hii ndiyo ya kwanza, na njaa inaniuma kwelikweli.

Mama hajui kwamba nakuandikia. Mwalike Ijumaa, umketishe sinia moja na Bi Shamima. Pilau ipike kwa mafuta, usitie samli.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Mungu akuweke.

Mdogo wako akupendaye,
Maisa