Uji wa Maduhu

Baba Maduhu,

Alfajiri gizani nilisikia mwiko ukikwaruza sufuria. Dada Klara, mke mwenzangu, alikuwa anampikia Maduhu uji. Mama yako akammwagia mbwa uji huo, eti mkono wa mgumba unamkausha mtoto. Nawe ukavaa buti ukaenda machimboni.

Haya. Tumekwenda kwetu Segese, mimi, dada na mtoto. ~~Tutarudi jioni.~~ Tutarudi siku mama yako atakapomwomba dada radhi mbele ya majirani na kumwita Mama Maduhu.

Ufunguo wa stoo ya unga ninao. Kuku wape maji. Mbwa usimpe kitu, ameshashiba.

Mama Maduhu mdogo

Naandika, mwanao ananivuta kanga: "Nataka uji wa mama mkubwa."