Mchungaji Aliyekimbiwa na Kondoo

Bibi Gwenllian mpendwa, huwa nasoma ushauri wako gazetini, nisaidie kabla ya Jumapili, mimi ni mchungaji mpya wa kanisa letu hapa bondeni, nimetoka mjini Cardiff miezi minne iliyopita, na mwezi jana nilihubiri kwamba kondoo huijua sauti ya mchungaji wao nao humfuata, basi mzee Meurig, mfugaji, akanisubiri mlangoni akasema, "Mchungaji, njoo uwaite wangu tuone," nami kwa kiburi nikapanda mlimani, nusu ya kanisa nyuma yangu, nikaita kwa sauti ya mimbarini, "Njooni, wapendwa!" na kondoo wote wakatimua mbio, mmoja akaruka ukuta akaangukia kabichi za watu, aliyekuja ni mbwa peke yake, na tangu siku hiyo nikisema tusimame tuimbe kuna mtu nyuma anajibu "Meee!" kanisa zima hoi kwa kicheko, nimeshaandika barua ya kujiuzulu, je, niisome Jumapili au niondoke kimyakimya?

Aliyeaibika

Umeficha jina, Ithel, lakini mlimani nilikuwepo, nikacheka mpaka meno ya bandia yakanitoka. Pole, mwanangu.

Sasa sikiliza. Meurig mwenyewe hawamfuati! Miaka arobaini anawaswaga kwa mbwa na matusi. Wanayemfuata ni mkewe, Lowri, naye hata haiti, anagonga ndoo tu. Theluji ikianguka ni nani anayewapelekea nyasi? Ni yeye.

Wewe umempelekea nani nini? Miezi minne unatuita kutoka juu huko. Muumini wako Marged amevunjika nyonga, wiki ya tatu hii yuko kitandani, na hujatia mguu kwake. Mchungaji gani huyo?

Na huyo anayelia "Meee" ni mimi. Usinune. Aliyekutangulia hatukumtania hata siku moja, tulikuwa tunangoja aondoke.

Barua hiyo washia moto. Kesho nenda kwa Marged, pita mlango wa nyuma, wa mbele umekwama. Beba supu ya nyama na vitunguu, na umwingizie makaa ndani. Atakutukana kwanza, alikuwa hivyo hata alipokuwa mzima. Mpe kijiko, ukae. Akianza habari za marehemu mumewe usitoe Biblia, wala usitazame saa. Msikilize tu, Mchungaji.